Nyama ya siku tatu porini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwisho wa mwezi tunakwenda kupiga kambi Mikumi, watu wazima sita na watoto wawili. Tunatoka Dar Ijumaa alfajiri, tunarudi Jumapili. Wifi yangu anasema nyama na kuku tuvichemshe nusu nyumbani, tukamalizie huko, havitaharibika. Ni kweli? Na pilau la Jumamosi usiku likibaki, watoto wanaweza kulila asubuhi?
Mama wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la wifi yako msilifuate kabisa. Nyama iliyochemshwa nusu imepata joto lakini vijidudu havijafa, na joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi ndilo vinalozaliana humo. Ama uipike iive hadi ndani, uipoze haraka na kuigandisha, ama uibebe mbichi ikiwa ngumu kama jiwe.

Nimepikia kambi za watalii miaka mingi, na nyama nilikuwa nabeba hivi. Igawe kwa mapishi, kila pishi kwenye kopo lake lenye mfuniko unaobana, uigandishe tangu Jumatano. Gandisha pia chupa za maji za lita moja na nusu, usizijaze hadi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Pande kubwa la barafu huchelewa kuyeyuka kuliko vipande vidogo, na likiyeyuka mna maji safi ya kunywa. Usiku wa kuamkia safari, weka chupa mbili kwenye deli tupu lipoe. Alfajiri panga: chupa chini, nyama ya Jumamosi, kisha kuku wa Ijumaa, chupa nyingine juu. Penye uwazi shindilia magazeti.

Soda ziwe na deli lake, maana watoto watalifungua kila dakika. La nyama lifunguliwe wakati wa kupika tu, likae kivulini na blanketi juu yake; blanketi huzuia joto la nje lisiingie. Usiku liwekeni ndani ya gari, milango imefungwa. Mikumi kuna fisi, na asubuhi nyani. Msilaze chakula hemani, hata ndizi.

Jumamosi ukifungua, nyama iwe bado na barafu, au baridi kama imetoka friji. Ikiwa vuguvugu, msiile hata kama hainuki. Jumapili kuleni maharage au dagaa wakavu.

Pilau nalo msilibakize. Kwenye mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka. Wali ukilala nje huzaliana na kutoa sumu, na kiporo ukikipasha hata kifuke moshi sumu ile haitoki. Chakula kilichoiva kisizidi saa mbili nje, na jua likiwa kali, saa moja. Pima mchele wa kuisha usiku uleule. Asubuhi wape watoto chai na viazi vitamu, uvichemshe palepale.