Mke wangu hataki niache ualimu nikafanye fareksi

Mwanangu mwalimu wa Dodoma, barua yako nimeisoma mara tatu. Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze kwa ufupi: una miaka 36, unafundisha hisabati sekondari, una mke na watoto wawili, na kwa miezi saba umekuwa ukinunua na kuuza fedha za kigeni kwa simu. Sasa unataka kuacha kazi ufanye biashara hiyo kutwa kucha, na ili upate mtaji unataka kuweka rehani nyumba mnayoishi. Mkeo amekataa kusaini fomu ya ridhaa, nawe unasema hana maono, tena anakuaibisha kwa kuuza maandazi karibu na lango la shule yako.

Pole kwa mshahara usiotosha. Hilo halikuanza kwako. Baada ya pole hiyo, nasimama upande wa mkeo.

Umenitajia faida ya Machi, shilingi laki tisa kwa wiki mbili, ukaiandika kwa tarakimu na kwa maneno kama anayejaza hundi, lakini miezi mingine sita hukuipa hata mstari mmoja. Nyinyi wenyewe husema akaunti "imeungua", yaani fedha yote iliyomo imepotea. Yako imeungua mara ngapi? Na ule mkopo wa SACCOS wa milioni nne, uliouchukua kwa ajili ya kukarabati nyumba, ulikwenda wapi, maana katika kurasa zako zote sikuona bati wala mfuko mmoja wa saruji?

Unalalamika pia kwamba mkuu wa shule amekuandikia barua mbili za onyo kwa chuki. Hata hivyo umejisifu kuwa unawinda bei soko la London linapofunguka, na kwetu hiyo ni saa nne au saa tano asubuhi, kulingana na majira ya huko. Saa hiyo watoto wa watu walikuwa darasani wakikusubiri, nawe umeinamia mishumaa ya kijani na nyekundu, ile michoro ya kupanda na kushuka kwa bei kwenye simu yako. Hiyo si chuki, mwanangu.

Kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yako, tuifanye pamoja. Unasema dalali wako anakuruhusu kucheza na mara 500 ya fedha uliyoweka. Ukiitumia nafasi hiyo yote, bei ikienda kinyume nawe kwa senti 20 tu katika kila shilingi 100, mtaji wote umekwisha, na bei za sarafu huweza kutembea hivyo kabla chai yako haijapoa. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika biashara ya aina hii hupoteza fedha, ikawalazimisha madalali kuonyesha asilimia yao wenyewe mbele ya wateja. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lako wewe ni paa la watoto.

Nirudi kwenye maandazi. Mwanamke haamki saa kumi alfajiri kukanda unga na kuinamia karai la mafuta ya moto kwa sababu mumewe anatajirika. Mkeo ameona mshahara haufiki nyumbani, hakukutangaza kwa ndugu zako wala kwa wazazi wake, akaziba pengo kwa mikono yake. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu: nywila ya simu ni siri ya mume, lakini deni likija ni la wote wawili. Saini unayomdai si hisani, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Usiache kazi, usiache mbachao kwa msala upitao. Chapisha taarifa ya akaunti yako tangu siku ya kwanza, fedha iliyoingia na iliyotoka, umwekee mkeo mezani aisome yote, na usiguse soko hilo mpaka deni la SACCOS liishe. Fomu mrudishie afisa mikopo Jumatatu. Na kesho alfajiri amka pamoja naye, ulibebe lile beseni la maandazi mpaka langoni, wanafunzi wako wakuone.