Tuliweka bomba nene, mtetemo ukazidi: nianzie wapi kujifunza?

Swali: Assalaam aleikum, Mhandisi. Mimi ni fundi wa mitambo mwenye diploma, naangalia mtambo wa kuchuja maji ya bahari kwenye hoteli moja hapa Lamu. Pampu yetu ya presha kubwa ni ya plunja tatu, yaani fimbo tatu zinazosukuma maji kwa kwenda na kurudi, inazunguka mara 480 kwa dakika, na presha ni baa 60. Bomba la inchi mbili linalokwenda kwenye membreni, yaani chujio la kutenga chumvi, linatetemeka sana. Nipeli ya geji ya presha, yaani kipande kifupi cha bomba kinachobeba geji, imekatika mara mbili, zote penye thredi, ile mikato ya kuskrubia. Tukabadilisha bomba tukaweka lenye ukuta mnene, lakini mtetemo haukupungua, naona kama umezidi. Vishikizo vimeachana mita 2.4. Nataka kuisoma vizuri taaluma hii ya mtetemo wa mabomba. Je, nilipie kozi ya programu ya kompyuta? (Fundi, Shela)

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kozi ya programu usiilipie bado. Namba ulizonitumia zinatosha kueleza kwa nini bomba nene halikusaidia. Hesabu yake inaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari, nayo ndiyo somo la kwanza la taaluma unayoitaka.

Tuanze na pampu. Mizunguko 480 kwa dakika ni mizunguko 8 kwa sekunde. Plunja ziko tatu na kila moja inasukuma kwa zamu yake, kwa hiyo bomba linapigwa na misukumo 24 kila sekunde, yaani Hz 24. Juu yake kuna Hz 48, 72 na 96, ambazo kwa kawaida hupungua nguvu kadiri zinavyopanda.

Sasa bomba. Bomba lililoshikwa pande mbili lina masafa yake ya asili, yaani idadi ya mara linazotikisika kwa sekunde likigongwa na kuachwa. Misukumo ya pampu ikiangukia hapo hapo, hata nguvu ndogo hujilimbikiza, kama pembea ya watoto siku ya Idi inavyopaa kwa kusukumwa kidogo kidogo lakini kwa wakati wake. Hiyo ndiyo rezonansi. Kwa bomba lililoegemea vishikizo viwili, masafa ya asili ni π gawanya kwa 2L², kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha EI gawanya kwa m. L ni umbali kati ya vishikizo, E ni ugumu wa chuma, I inatokana na umbo la bomba, na m ni uzito wa mita moja ya bomba pamoja na maji yaliyomo. Hayo maji watu wengi huyasahau.

Hukutaja unene wa ukuta, kwa hiyo nimechukua vipimo vya kawaida vya inchi mbili. Bomba la ukuta wa milimita 3.9 lina kilo kama 7.6 kwa mita likiwa na maji, na kwa mita 2.4 masafa yake ya asili yanatoka Hz 23 na ushei. Bomba nene, la milimita 5.5, lina kilo kama 9.4 kwa mita. Ni gumu zaidi, lakini pia ni zito zaidi, na viwili hivyo karibu vinafutana: linatoka Hz 23.9. Pampu yenu inapiga 24. Mlilisogeza bomba likaenda kukutana na pampu. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwa sababu vishikizo halisi haviko kama vya kwenye kitabu, lakini inakubaliana na ulichokiona kwa macho yako.

Angalia L imekaa wapi kwenye hesabu: iko chini, tena imezidishwa kwa yenyewe. Ukipunguza umbali kwa nusu, masafa yanapanda mara nne. Kishikizo kimoja katikati, yaani kila mita 1.2, kinalipeleka bomba kwenye Hz 95 hivi, mbali na 24 na 48 zenye nguvu. Kwa kuwa 96 nayo ipo, mimi ningekisogeza kishikizo hicho kidogo pembeni ya katikati. 

Lakini kiwe kishikizo kweli. Kwa mabomba ya mvuke tunafundishwa kuliacha bomba lipumue, kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto. Maji yenu ni ya joto la bahari, kutanuka ni kidogo, kwa hiyo hapa bomba libanwe kwa klampu ya pande zote, si kulazwa tu juu ya chuma cha pembe. Weka ukanda wa raba ngumu katikati ili chuma kisisagane na chuma. Na usifunge braketi kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Bolti hulegea ndani yake baada ya muda, na braketi inayocheza haiwezi kushika bomba. Simamisha nguzo fupi nene juu ya sakafu ya zege, ikiwezekana juu ya msingi wa pampu.

Kabla ya hapo, angalia dampa ya nitrojeni, yaani chombo chenye gesi ya kulainisha misukumo, kilicho karibu na mdomo wa pampu. Kwa kawaida upande wa presha kubwa hujazwa asilimia 60 hadi 80 ya presha ya kazi, kwenu ni kama baa 36 hadi 48, ila namba ya mtengenezaji ndiyo ya kufuata. Pima pampu ikiwa imezimwa na presha ya maji imetolewa yote. Mara nyingi gesi huwa imekwisha na hakuna aliyegundua, na hapo misukumo yote inaingia kwenye bomba bila kizuizi. Ijaze nitrojeni peke yake, kamwe usitumie oksijeni. Angalia pia vichujio vya upande wa kuvuta: vikiziba, pampu inakosa maji, na hiyo nayo huleta mtetemo.

Nipeli ya geji ni kisa kingine, na hapa nakuomba uwe makini zaidi, kwa sababu baa 60 ikipasuka usoni si jambo dogo. Misukumo 24 kwa sekunde ni zaidi ya milioni mbili kwa siku. Thredi ni mkato mwembamba, na juu yake mmeweka vali na geji, uzito uliokaa mwisho wa fimbo. Kila mtikiso unaukunja mkato ule kidogo. Chumvi ya bahari ikishachimba vishimo pale, ufa unapata pa kuanzia. Ukiweka nipeli ile ile mara ya tatu, itakatika mara ya tatu. Ifupishe uwezavyo, ama geji ihamishiwe ukutani kwa hosi ya presha. Ukiamua kuiwekea mkono wa kuishika, mkono huo ufungwe kwenye bomba lenyewe, si ukutani, ili geji na bomba vitembee pamoja. Na usikaze chochote presha ikiwemo.

Sasa masomo. Anza kwa kupima. Zima pampu, acha bomba limejaa maji, ligonge kwa nyundo ya raba katikati ya vishikizo huku simu yenye programu ya kusoma mtikiso imefungwa imara juu yake. Simu inayosoma mara 100 kwa sekunde inaona hadi Hz 50, inakutosha kwa kuanzia. Kisha washa, upime tena. Kilele cha kugonga kikiwa karibu na kilele cha pampu, una rezonansi. Vikiwa mbali na bado bomba linacheza, nguvu yenyewe ndiyo kubwa, rudi kwenye dampa. Zoea pia kugeuza vipimo: mwendo wa milimita 0.2 kutoka katikati kwa Hz 24 ni kasi ya milimita 30 kwa sekunde, na kasi ndiyo lugha ya viwango vingi.

Baada ya hapo soma mtetemo wa uzito mmoja na springi, halafu boriti, halafu jinsi ishara inavyochambuliwa kuwa masafa. Kisha fuata maji yenyewe. Wimbi la presha ndani ya bomba la chuma kama lenu hukimbia kama mita 1,400 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 24 lina urefu wa mita 58, na bomba lenye urefu wa robo au nusu ya hapo linaweza kuvuma kwa sababu ya maji, hata kama vishikizo ni vizuri. Kasi hiyo hiyo inaeleza kishindo cha kufunga vali ghafla, ambacho Mrusi Nikolai Zhukovsky alikipigia hesabu mwaka 1898: maji ya mita 2 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla yanaongeza baa 28 hivi.

Vyeti vya ISO 18436-2, kiwango cha kimataifa cha wapimaji wa mtetemo wa mashine, vinafaa, na daraja la kwanza na la pili vitakufundisha kupima kwa nidhamu, ila jua kwamba vinahusu zaidi mashine zinazozunguka kuliko mabomba. Kiwango cha ASME B31.3, cha Wamarekani kuhusu mabomba ya viwandani, kinadai mtetemo wenye madhara uondolewe, lakini hakikupi njia kamili ya kuuhesabu.

Programu za kompyuta za kuchambua mabomba, kama CAESAR II, zije mwisho. Zinachambua masafa ya asili, misukumo ya kujirudia na kishindo cha ghafla, lakini zitakuuliza kila kishikizo kina ugumu kiasi gani. Asiyewahi kugonga bomba huandika kwamba kishikizo hakisogei kabisa, na programu humpa jibu safi la bomba ambalo halipo.