Maswali ya Wasomaji: Ratiba ya Wiki Inayokufa Jumatano

Toleo hili tumechagua barua tano kutoka Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya. Zote zinauliza jinsi ya kupanga kazi za nyumba kwa wiki nzima.

SWALI: Hamjambo wahariri. Mimi na mume wangu tunafanya kazi mjini Nakuru na tunakaa Lanet. Watoto ni watatu: Gredi ya 1, ya 4 na ya 7. Nafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, na saa tatu unusu watoto wawe wamelala. Nilichora ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa: kupika saa moja unusu kila jioni (maharagwe ndiyo hunichelewesha), vyombo nusu saa, kuogesha watoto na kazi zao za shule saa moja unusu, pasi nusu saa, kufua Jumanne na Alhamisi saa mbili mbili. Maji hufunguliwa Jumanne na Ijumaa jioni, kuyakinga ni saa nzima. Tuna friji ndogo. Kila wiki ratiba inafika Jumatano na kufa. Nakosea wapi? — *Mama Watatu, Lanet*

JIBU: Mama, tumeijumlisha ratiba yako. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu unusu una saa tatu na nusu kila jioni, yaani saa 17 na nusu kwa siku tano. Kazi ulizoandika ni saa 26. Jumanne peke yake umeipa kazi ya saa saba. Hakuna bidii inayoweza kuingiza saa saba ndani ya tatu na nusu, kwa hiyo Jumatano unaianza ukiwa na deni la jana, nguo zimelowekwa na hazijafuliwa. Kabla ya kuandika kazi yoyote kwenye ratiba, andika inachukua muda gani, kisha jumlisha siku kwa siku. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kama ratiba itasimama.

Sasa tuzihamishe. Kufua kufuate maji. Yanayokingwa Ijumaa jioni ndiyo ya kufulia Jumamosi asubuhi. Ya Jumanne ni ya kupikia, kuogea na usafi. Nguo za watu watano za wiki, zikifuliwa kwa mkono, hutumia mitungi minane hadi kumi ya lita 20 ukihesabu kusuuza mara mbili, basi hakikisha mapipa yanatosha kiasi hicho. Maji ya kusuuzia ya mwisho usiyamwage, ni ya kudeki na ya choo.

Pasi iwe mara moja, Jumapili alasiri, sare zote za wiki. Kuiwasha pasi kila jioni kwa shati mbili ni kulipia joto la kuanzia mara tano, na pasi ya wati 1,200 ikitumika saa nzima haizidi yuniti 1.2 za tokeni. Hili halitawezekana kama kila mtoto ana mashati mawili tu, kwa sababu utalazimika kufua katikati ya wiki na msimu wa mvua hayatakauka kwa usiku mmoja. Nunua la tatu. Soksi nazo, nunua jozi tano za rangi moja kwa kila mtoto ili asubuhi asiwepo anayetafuta mwenzake wa soksi.

Maharagwe yanastahili maelezo zaidi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, iliyo chini zaidi, huchemka karibu na 96. Tofauti hiyo ndogo hurefusha upishi wa maharagwe, kwa hiyo muda anaotumia mpishi wa Kisumu hautakufaa. Loweka kilo moja na nusu Ijumaa usiku kwa lita tano za maji. Jumamosi mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika zisizopungua kumi. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ambayo moto wa polepole peke yake hauiondoi. Kisha punguza moto, yaendelee huku unafua, hadi moja lipondeke kati ya vidole viwili. Nyanya na ndimu zisiguse sufuria kabla ya hapo. Asidi huzuia maharagwe kulainika, na hili ndilo kosa linalomfanya mtu aamini ameuziwa maharagwe mazee. Magadi huharakisha, lakini huharibu vitamini B, na maharagwe yaliyolowekwa hayayahitaji.

Yagawe kwenye bakuli tatu zenye kina kifupi yapoe upesi, na ndani ya saa mbili yawe kwenye friji. Bakuli moja ni ya Jumatatu, moja ya Jumanne, ya tatu iingie kwenye barafu hadi Alhamisi. Jioni hizo tatu utaunga tu na kusonga ugali au kuchemsha wali: dakika 40 badala ya saa moja unusu.

Ukiondoa kufua, pasi na muda huo wa maharagwe, unabaki na saa 17. Umepata nusu saa ya ziada kwa wiki nzima, na hiyo haitoshi. Jumanne bado inazidi kwa dakika kumi, na Ijumaa kwa saa nzima. Kwa hiyo vyombo vitoke mikononi mwako kabisa. Mtoto wa Gredi ya 7 anaweza kuviosha jioni mbili, baba yake tatu, na baba akinge maji Jumanne na Ijumaa. Wa Gredi ya 4 apange mifuko ya shule na kuleta vitabu vya kusainiwa kabla ya kuoga. Mdogo aweke viatu mlangoni.

SWALI: Sisi ni familia ya Sabato, tunakaa Mamboleo, Kisumu. Ijumaa kwetu ni vita: kufua, kudeki, kupika, kuogesha watoto, vyote kabla jua halijatua. Hatuna friji. Wali tuliopika Ijumaa uliwahi kutuumiza matumbo Jumamosi. Tupange vipi? — *Mama Achi, Mamboleo*

JIBU: Dada, wiki yenu inaanza Jumapili, basi na karatasi ya ratiba ianze Jumapili, isiige ya jirani inayoanza Jumatatu. Mna bahati kwamba siku kubwa ya soko la Kibuye ni Jumapili. Nendeni asubuhi, mnunue vikavu vya wiki nzima: unga, maharagwe, omena, vitunguu, mafuta. Nyanya chagueni nusu zilizoiva na nusu zinazoanza kugeuka, ziwasubiri hadi Alhamisi. Mboga za majani msirundike. Bila friji, sukuma hukaa siku mbili ikiwa haijaoshwa wala kukatwa na imefungwa kwa kitambaa kikavu kivulini. Kunde na managu hunyauka mapema zaidi, hizo nunueni kwa mama mboga siku ya kupika.

Ijumaa ibaki na mambo mawili tu, kupika na kuoga. Kufua kuende Jumatano, na nguo ziwe kwenye kamba kabla ya saa tatu asubuhi. Kisumu, ardhi ikishapata joto, upepo wa ziwa huleta unyevu nchi kavu na mvua nyingi hushuka alasiri au jioni. Anayeanika saa saba mchana anaanikia mvua. Kama siku nzima mko kazini, anikeni chini ya bati. Alhamisi jioni ni kudeki, pasi ya nguo za kanisa, kuchambua omena na kujaza maji. Jua hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika 25 na karibu saa moja kasoro dakika chache, kutegemea mwezi. Wekeni mwisho wenu saa kumi na mbili kamili mwaka mzima, msiwe mnakimbizana na dakika.

Kuhusu wali: wali uliopikwa ukilala kwenye joto, bakteria huamka na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Harufu inaweza kuwa nzuri na bado ukaumiza. Wali wa Ijumaa uishe Ijumaa usiku. Kikapu cha kupikia, kile kilichotandikwa vitambaa vizito ili chakula kiendelee kuiva kwa joto lake bila moto, kinawafaa kwa chakula hicho cha Ijumaa: chemsheni wali dakika tano sufuria ikiwa karibu kujaa, funikeni, ingizeni kikapuni msifungue kwa saa moja, muda ambao mtaogesha watoto. Lakini kikapu hakitafika Jumamosi mchana. Chakula kitapoa hadi joto lile ambalo bakteria hulipenda.

Kwa Jumamosi pikeni vitu vikavu. Omena ya kukaangwa hadi ikauke kabisa, chapati (kilo moja ya unga hutoa kumi na mbili hivi), njugu za kukaanga, mkate, ndizi, parachichi. Chapati zipoe kwanza kwenye ungo ndipo zifunikwe, maana zikifunikwa zikiwa moto hutoa jasho na kuota ukungu. Kama nyumbani kwenu mnaruhusu kupasha moto siku hiyo, kinachopashwa kichemke hadi kitokote, kisiishie kuwa vuguvugu.

SWALI: Mke wangu ni muuguzi Kakamega, zamu zake hubadilika: wiki za mchana na wiki za usiku. Mimi ni mwalimu. Tuna watoto wawili na dada wa kazi anayelala hapa. Ratiba moja haitutoshi. Nimsaidie mke wangu vipi? — *Baba Nafula, Lurambi*

JIBU: Bwana, chora ratiba mbili, ya wiki za mchana na ya wiki za usiku, uzihifadhi zote. Orodha ya zamu ikitoka, mnabandika inayohusika. Hakuna haja ya kupanga upya kila mara.

Ya usiku ianze na usingizi wake. Akifika saa mbili asubuhi, kuanzia saa tatu hadi saa tisa alasiri asiulizwe chochote: pazia nzito, simu chumba kingine, na dada ajue kwamba mwenye gesi, mwenye maziwa na mgeni wote ni shughuli ya mtu mwingine. Saa hizo sita zikikatwakatwa, anarudi wodini hajalala. Chakula chake kizito kiwe saa kumi na moja, kabla hajatoka. Kufua na kusaga viwekwe siku zake za mapumziko au asubuhi kabla hajafika.

Umeuliza umsaidie vipi. Ushauri wetu ni uchukue kazi nzima, mwanzo hadi mwisho. Chakula cha jioni kikiwa chako, ni wewe unayejua unga umebaki kiasi gani, unayeamua kitapikwa nini, unayenunua, unayepika au kumwelekeza dada, na unayehakikisha sufuria imeoshwa. Ukipika lakini yeye ndiye anayekupigia simu kutoka wodini kukumbusha kitunguu kimeisha, kazi bado iko kichwani mwake. Chukua mbili za namna hiyo. Chakula cha jioni na mambo yote ya shule yangekufaa, kwani barua za shule unazielewa kuliko yeyote.

Barua yako haikutaja siku ya dada ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Iandikwe kwenye ratiba zote mbili kwa wino, na siku hiyo ipangwe kana kwamba hayupo kabisa.

SWALI: Huku kwetu Vihiga Jumamosi ni za matanga. Mwezi hauishi bila mawili. Ratiba ya wikendi ina maana gani? — *Msomaji, Mbale*

JIBU: Ina maana, mradi usiipakie Jumamosi kazi ambazo haziwezi kusubiri. Chagua tatu zisizokwepeka: maji, mashati ya shule na chakula cha Jumatatu. Hizo zianze Ijumaa jioni, zimaliziwe Jumapili alasiri. Kudeki, kupalilia na kupanga kabati vikose wiki hiyo, na visisogezwe Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ina zake. Vipange upya Jumamosi inayofuata. Na kwa kuwa unajua matanga yatakuja, tenga pesa za nauli na mchango mwanzoni mwa mwezi pamoja na kodi na unga. Familia nyingi bajeti yao ya chakula huvunjwa hapo.

SWALI: Ratiba iandikwe kwenye simu au karatasi? — *Msomaji, Busia*

JIBU: Karatasi, ukutani jikoni, kwa maandishi makubwa. Ratiba iliyo kwenye simu ya mama inasomwa na mama peke yake, na wengine watazidi kumuuliza. Simu itumie kwa kengele tu: jioni ya maji, siku ya kununua tokeni, tarehe ya karo.

Pembeni mwa karatasi hiyo andika tarehe mliyofunga mtungi wa gesi. Baada ya mitungi mitatu utajua wenu hudumu siku ngapi, na utanunua mwingine kabla haujazimika ugali ukiwa jikoni. Ukitaka kuhakikisha, mwagia ubavu wa mtungi maji ya moto kidogo, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: pale unapoanza kuhisi baridi ndipo gesi ilipofikia.