Chai iliyovundikwa kwenye mapipa: kabla hujanunua

Ukipata nafasi ya kununua awa bancha, chukua pakiti mbili ndogo za watengenezaji wawili tofauti, usichukue pakiti moja kubwa. Ndiyo kauli yangu kwa kila anayeniuliza kuhusu chai hii ya mkoa wa Tokushima, kwenye kisiwa cha Shikoku huko Japani, na sababu yake imo ndani ya pipa.

Sencha na matcha nzuri, chai za kijani za Japani, hutokana na majani machanga. Awa bancha haina haraka hiyo. Wakulima wa milimani, sehemu kama Kamikatsu na Naka, huyaacha majani yakomae mpaka kiangazi, kwa kawaida Julai, kisha huyapukuta tawini kwa mkono. Huyachemsha, huyasugua, halafu huyashindilia kwenye pipa na kuyakandamiza kwa mawe mazito ili hewa itoke. Humo hukaa wiki mbili, tatu au zaidi, yakichachuka kwa bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi. Yakitolewa, huanikwa juani.

Hakuna hamira ya dukani inayotiwa. Bakteria hutoka kwenye majani yenyewe, kwenye pipa na mazingira ya nyumba inayotengeneza, kwa hiyo kila familia ina ladha yake. Nimekunywa iliyokuwa na uchachu wa mbali tu, na nyingine iliyonikaza mashavu tangu funda la kwanza. Mimi naipenda hiyo kali, lakini mgeni akianza nayo anaweza kuikataa chai yote kwa sababu ya pipa moja. Mwaka 2021 serikali ya Japani iliuweka ufundi huu katika orodha ya urithi muhimu wa utamaduni wa jadi, na kwangu ni haki yake kabisa.

Ukifungua pakiti usishtuke. Majani ni makubwa, ya kahawia, yamejikunja ovyo, na harufu yake iko karibu na achari kuliko chai. Hayajaharibika.

Kuyapika ni rahisi. Sencha ukiimwagia maji yanayotokota inakuwa chungu, hii haina shida hiyo. Natia gramu kama 5 kwenye lita moja ya maji, naacha birika lichemke dakika chache, nachuja. Kinywaji hutoka rangi ya dhahabu, chepesi, kikiacha uchachu pembeni mwa ulimi. Onja kwanza bila sukari. Maziwa usitie kabisa, hayapatani na uchachu huo. Siku za joto ipoze uiweke kwenye friji, hapo ndipo inaponinogea zaidi. Kafeini yake ni kidogo kuliko ya sencha, basi hata usiku nakunywa.

Wauzaji wengine huinadi kama dawa ya tumbo na mengineyo. Nunua kwa ajili ya ladha. Mwenye maradhi aende kwa daktari.

Tahadhari nyingine ni kwa wasiotumia pombe. Ziko pia chai zinazohifadhiwa kwenye mapipa yaliyowahi kuwa na wiski ili zivute harufu yake. Hizo ni kitu kingine kabisa, ingawa zote huitwa chai ya mapipa. Soma lebo, na kama haielezi, muulize muuzaji kabla hujalipa.

Ukishaizoea awa bancha, tafuta goishicha ya Otoyo, mkoa wa Kochi, kisiwa hichohicho. Hiyo huchachushwa mara mbili: kwanza majani yaliyopikwa kwa mvuke hulundikwa yaote ukungu, kisha huingia kwenye pipa. Baadaye hukatwa vipande vya mraba na kuanikwa. Uchachu wake ni mzito zaidi, na bei iko juu. Kipande kimoja kinatosha lita nzima. Watu wa visiwa vya Bahari ya Seto wameitumia tangu zamani kupikia uji wa mchele. Nami nimeujaribu uji huo kwa chumvi kidogo tu, na nakushauri usiongeze kitu kingine.