Stadi za manifoldi ya ekzosi: kurudisha za zamani au kufunga mpya?

Stadi ni vyuma vyenye nyuzi vinavyoshika manifoldi (bomba la kukusanya moshi wa injini) kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Kama zimetoka bila kukatika, zipige brashi ya waya, kisha zungusha nati mpya kwa mkono. Ikishuka mpaka mwisho, stadi inarudi. Ikikwama njiani, au ukiona stadi imeliwa na kutu ikabaki na kiuno chembamba pale inapopita gasketi, tupa: hiyo itakatikia ndani ya hedi, na kuichimbua humo ni mateso. Iliyokaa imara kwenye hedi usiing'oe, safisha nyuzi tu. Nati tumia za shaba, hazigandi kwa kutu. Chungulia na tundu la stadi kwenye hedi. Likitokea kwenye njia ya maji, paka gundi ya kuziba nyuzi. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, urudie injini ikishapata moto na kupoa.