Kabla hujamhamisha mtoto, uliza siku alizokosa

Dada, umeuliza kama umhamishe mwanao wa darasa la saba kwa sababu shule yao, katika wilaya ndogo huko Marekani, ina matokeo mabaya na utoro mwingi. Nimefundisha hesabu miaka sita kwenye shule ya aina hiyo, darasa la sita hadi la nane, na ushauri wangu ni usikimbilie kuhama.

Asilimia za shule ndogo zinayumba sana. Mwaka mmoja darasa letu la saba lilikuwa na watoto 40 tu, kila mmoja ana uzito wa asilimia 2.5. Wakifeli wanne zaidi ya mwaka jana, shule inaonekana imeporomoka.

Wastani wa mahudhurio nao unaficha mambo. Wetu ulikuwa asilimia 93, tukaridhika. Kumbe kule mtoto akikosa asilimia 10 ya siku za masomo, yaani siku 18 kati ya 180, anahesabiwa kwenye utoro sugu, hata kama alikuwa na ruhusa. Siku mbili kwa mwezi zinatosha kumfikisha huko. Baada ya korona hali ilichafuka nchi nzima, kutoka takriban asilimia 15 ya wanafunzi mwaka 2018/19 hadi kama 28 mwaka 2021/22.

Nilikuwa na kijana mwenye akili, ila namba hasi zilimshinda kabisa. Nikafungua daftari la mahudhurio: Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu. Na mada mpya mimi nilikuwa nazianza Jumatatu! Barua tatu zilishakwenda kwao bila jibu. Nilipopiga simu ndipo mama yake akaniambia siku hiyo anachelewa kutoka zamu ya usiku, kijana anabaki na mdogo wake, na basi la shule ni moja, likipita limepita. Jirani akakubali kumshika mdogo, mimi nikahamishia mada mpya Jumanne. Kabla muhula haujaisha alikuwa anaandika −7 + 3 = −4 bila kusita. Zile barua bado zinaniuma.

Kwa hiyo nenda kwa mwalimu mkuu, umuulize ni watoto wangapi wamekosa asilimia 10 ya siku au zaidi, na nani huwapigia simu wazazi wao. Akikujibu kwa wastani tu, hapo ndipo uanze kutafuta shule nyingine. Na mwanao mwenyewe, tangu mwaka uanze amekosa siku ngapi?