Kaskazini isiyotulia: maswali ya wasomaji wa Goma

Mwanafunzi wa Himbi: Mwalimu wetu alisema kwamba ncha ya sumaku ya kaskazini huhama. Je, ni kweli?

Ni kweli. Ncha hiyo ni mahali ambapo sumaku ya Dunia huelekea wima chini. Mwaka 1831 mvumbuzi Mwingereza James Clark Ross aliikuta kwenye rasi ya Boothia, kaskazini mwa Kanada, na mvumbuzi Mnorwe Roald Amundsen alipofika pande hizo kati ya 1903 na 1906 alithibitisha kwamba imekwisha kuondoka pale. Hadi leo imesafiri zaidi ya kilomita 2,000 ikielekea Siberia. Chanzo kiko kilomita 2,900 hivi chini yetu, ambako chuma kilichoyeyuka huzunguka na kuzalisha umeme, nao umeme huo huzaa sumaku. Magma ya volkano yetu ya Nyiragongo, ambayo watu wa hapa hupenda kuisingizia kila kitu, haihusiki.

Nahodha wa boti: Ni nani anayeifuatilia ncha hiyo, na je, sisi wa Ziwa Kivu tuwe na hofu?

Hufuatiliwa na vituo vya ardhini pamoja na setilaiti tatu za Ulaya ziitwazo Swarm, zilizorushwa Novemba 2013. Kwa vipimo hivyo, wataalamu wa Marekani na Uingereza hutoa modeli mpya, yaani ramani ya kimahesabu, ya sumaku ya Dunia kila baada ya miaka 5, ingawa mwaka 2019 walilazimika kuirekebisha kabla ya wakati kwa sababu mabadiliko ya sumaku huko Aktiki, eneo la kaskazini kabisa mwa Dunia, yalikuwa yameipita. Kwetu sisi tulio mbali na ncha, badiliko ni dogo. Jihadhari zaidi na chuma cha injini kilicho karibu na dira.

Fundi wa ujenzi: Dira ya simu yangu huyumba ninapoiweka juu ya mawe ya lava. Je, simu imeharibika?

Haijaharibika. Lava ina madini ya chuma yaitwayo magnetiti, ambayo yakiwa moto sana hayashiki sumaku, lakini yakipoa chini ya nyuzi 580 za Selsiasi hivi, huikamata sumaku ya Dunia ya wakati huo na kubaki nayo, na sumaku hiyo ndiyo huiyumbisha dira yako. Ni kwa mawe ya namna hiyo, nchini Ufaransa, kwamba mwanasayansi Bernard Brunhes alitambua mwaka 1906 kuwa ncha za sumaku za kaskazini na kusini ziliwahi kubadilishana nafasi. Mara ya mwisho ilikuwa miaka 780,000 hivi iliyopita. Lava iliyoingia mjini Januari 2002 nayo imeshika kaskazini ya siku zile ilipopoa, hata kama leo ni msingi wa nyumba unayoijenga.